Nyumba Katikati ya Uwanja

Hapo zamani za kale, na sogeeni basi, nyie mnaosukumana huko nyuma, mimi sitapaza sauti, zamani zile Kobe alipokuwa anatembea bila gamba na Chura akiringa na mkia wake, palikuwa na miji miwili midogo. Mmoja uliitwa Jabalini, wa pili uliitwa Kitopeni.

Jabalini ilikaa juu kwenye mawe. Kitopeni ilikaa chini kwenye tope. Katikati palipita kijito chembamba ambacho hata Panya alikiruka bila kukunja suruali. Jabalini wakikaanga vitunguu, Kitopeni wanapiga chafya.

Na miji yote miwili ilikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni mpira.

Mpira wenyewe ulitengenezwa kwa utomvu wa mbungo, uzi juu ya uzi, mpaka ukawa mgumu. Ukidunda ulisema du! du! du! Mibungo iliota Jabalini, kwa hiyo mpira walitunza wao. Kitopeni hawakuwa na mpira, lakini walikuwa na njuga. Hizo zilikuwa za Mzee Kiboko, mkubwa wa mji na nahodha wa timu. Alizivaa mguuni siku ya mechi, njwi! njwi! njwi!, na bila njuga hakuwa tayari hata kuingia uwanjani.

"Mguu usiolia haupigi mpira," alisema, na Kitopeni nzima iliamini hivyo.

Lakini kabla sijafika mbali, lazima mjue jambo moja. Miji hii ilikuwa na utani. Si huu utani wenu wa kuchekana darasani. Utani wa kurithi, wa mababu. Zamani walipigana mpaka wakachoka, mababu wakakaa wakasema: kuanzia leo tutapigana kwa midomo. Mtani anaweza kukutukana, na ucheke. Anaweza kuingia kwako akachukua kofia yako kichwani, na ucheke. Mkono wa mtani haushikwi, na alichochukua atarudisha akipenda mwenyewe.

Mama mzazi wa Faru, mwenyekiti wa Jabalini, alipofariki, watani wa Kitopeni walikuja matangani, wakajilaza kaburini, wakasema hawatoki mpaka wapewe asali. Faru machozi yanamtoka, na bado ikambidi acheke.

Na asiyecheka? Ahaa! Anayenuna, au akamwita mtani wake mwizi, anapika. Anaulisha mji mzima wa mtani wake mpaka wa mwisho acheue. Nyati mmoja wa Jabalini alinuna mara moja tu. Mpaka leo akiona sufuria anajificha nyuma ya mlango.

Mtoto wa nyumbani ndiye asiye na ruhusa hiyo. Mtoto akichukua cha mkubwa wake, huo ni wizi, atachapwa na atarudisha. Haya, sheria mmezijua. Tuendelee.

Huko Jabalini, chini ya jiwe lililopasuka, iliishi familia ndogo. Mama alikuwa Bi Pimbi, mzaliwa wa mawe yale yale, mfupi, mnene, hana mkia na wala hana habari. Baba alikuwa Perere, mtoto wa mitini kule Kitopeni, aliyemfuata mkewe mlimani kwa mapenzi tu. Pimbi na perere ni mbari moja, ila mmoja kapenda mawe na mwenzake kapenda miti. Mtoto wao wa pekee, binti, aliitwa Mashavu.

Mashavu alikuwa mdogo hivi! Lakini miguu yake, loo! Alipita na mpira chini ya tumbo la Nyati, Nyati akageuka kumtafuta, kumbe yeye keshafunga. Kila mwaka aliomba jezi, na kila mwaka aliambiwa, "Kua kwanza." Akakua akakomea pale pale.

Basi mwaka mmoja Jabalini walifungwa. Bao lenyewe, niwaambie ukweli, alijifunga Mwenyekiti Faru. Alikuja na mpira kichwa chini, na macho ya Faru mnayajua, hayaoni mbali. Akageukia lango asilolijua ni la nani, akapiga paa! Nyani, golikipa wake mwenyewe, akabaki mdomo wazi.

Lakini mkubwa hajifungi, watoto wangu. Mkubwa hufungwa na wasaliti. Faru akaanza kumtafuta msaliti, na hakwenda mbali.

Akaitisha mkutano. Akasimama mbele ya watu, pua juu.

"Tumefungwa kwa sababu siri zetu zinatoka!" alisema. "Na mnajua zinatoka wapi. Kila jioni nani anapanda juu ya jiwe na kupiga kelele kuelekea Kitopeni? Krrrii! Krrrii! Nani huyo?"

Watu wote wakamgeukia Perere.

"Namsalimia mama yangu," alisema Perere kwa sauti ndogo. "Yuko peke yake kule mtini, macho hayaoni tena. Asiponisikia halali."

"Salamu gani hiyo ndefu?" alifoka Faru. "Mimi nimekata shauri. Kabla ya mechi ya mwaka huu, Perere na mtoto wake wavuke kijito, warudi kwao. Bi Pimbi atabaki, yeye ni wetu."

Bi Pimbi alisimama.

"Mwenyekiti, unanitenga na mume wangu na mwanangu kwa sababu ya bao?"

"Kwa sababu ya usalama wa mji!"

Mashavu alipenya katikati ya miguu ya watu mpaka mbele.

"Mjomba Faru, mimi nimezaliwa hapa. Kitovu changu kimezikwa chini ya jiwe letu. Nakwenda wapi?"

"Mtoto ni wa baba yake," alisema Faru. "Na usiniite mjomba. Mimi si mjomba wako. Wewe ni mtu wa Kitopeni."

Watu wakainamisha vichwa. Kila mmoja alikuwa na ndugu mmoja wa upande wa pili ambaye hakutaka atajwe.

Nyumbani, Perere alianza kukunja mkeka.

"Nitaondoka kimya kimya," alisema. "Sitaki mkosane na mji kwa ajili yangu."

"Baba," alisema Mashavu, "weka mkeka chini."

"Mwanangu, wakubwa wameshasema."

"Weka chini, baba! Hukutenda kosa. Ukiondoka kimya watasema ulikosa. Subiri niende kwa Mzee Kiboko. Kama kweli sisi ni wa Kitopeni, watupokee sote watatu, na mama tutamchukua."

Akavuka kijito, akamkuta Mzee Kiboko kwenye tope lake, pua tu ndizo zinaonekana, na mkewe Bi Kiboko yuko ukingoni anapepeta mchele. Njuga zilining'inia kwenye tete, zimesuguliwa mpaka zinawaka jua.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Baba mkubwa wa nani?" Kiboko aliinua kichwa, chubwi! "Wewe si yule kipande cha Jabalini?"

"Ni mtoto wa Perere wenu. Jabalini wanamfukuza. Tunaomba mahali, yeye na mama na mimi."

"Perere!" Kiboko alicheka mpaka tope likaruka. "Perere alituacha akaenda kulala juu ya mawe kama mjusi. Tulishamfuta. Na wewe mama yako ni wa wapi?"

"Jabalini."

"Umezaliwa wapi?"

"Jabalini."

"Basi! Mtoto ni wa alikozaliwa. Sitaki majasusi wa Faru hapa. Nenda kwa wajomba zako."

Watoto wa Kitopeni waliokuwa wanaoga wakaanza kuimba na kupiga makofi: "Popo huyo! Popo huyo! Si ndege si mnyama! Popo huyo!"

Mashavu aliondoka bila kukimbia. Hakutaka wamwone anakimbia. Lakini alipofika kijitoni, alikaa juu ya jiwe katikati ya maji akalia kwa hasira. Kulia kwa huzuni kunapoza moyo, kwa hasira kunauchemsha. Alilia mpaka mashavu yakavimba.

"Huyu anasema mimi wa kule," alijisemea. "Wa kule anasema mimi wa huku. Wanarushiana mimi kama mpira. Kwa Faru mimi ni mtu wa Kitopeni. Kwa Kiboko mimi ni mtu wa Jabalini. Kwa Faru ni Kitopeni... kwa Kiboko ni Jabalini..."

Akafuta machozi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka ki! ki! ki! mpaka akateleza jiweni akaanguka majini, tubwi! Akatoka amelowa, anacheka bado.

"Kumbe mmenipa ufunguo wa nyumba zenu wenyewe!" alisema.

Akageuka pale pale, akarudi Kitopeni na maji yakimchuruzika.

"Tena?" alinguruma Kiboko.

"Nimerudi kwa neno moja tu, Mzee Kiboko, nisije nikakusingizia huko mbele. Umesema mimi ni mtu wa wapi?"

"Wa Jabalini!"

"Si wa hapa kabisa? Hata kidogo?"

"Hata ukucha!"

"Na hawa wote wamesikia?"

"Wamesikia! Jamani, huyu ni wa wapi?"

"Jabaliniii!" waliitika wote, watoto na wakubwa, na Bi Kiboko na ungo wake.

"Ahsante," alisema Mashavu. "Basi hujambo, mtani!"

Akaruka juu ya tete, akachomoa njuga, akajivika kiunoni. Njwi! njwi! njwi!

"Weee!" Kiboko alitoka topeni kwa kishindo, maji yakahama. "We mwi..."

"Mume wangu!" Bi Kiboko alitupa ungo akamziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Usilimalize hilo neno! Huyo ni mtani! Ukinuna utapika, na mimi siwapikii Jabalini! Faru peke yake anakula gunia! Cheka!"

Kiboko alivimba. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Cheka, mzee! Cheka!" walimsihi watu.

"He," alisema Kiboko. "He. He. Heee."

"Kicheko kizuri, mtani," alisema Mashavu. "Ila meno yapigwe mswaki." Akaondoka zake akitikisa kiuno, njwi! njwi!, na safari hii alitembea polepole makusudi, ili wamtazame vizuri.

Habari zina miguu mirefu. Kabla hajafika juu, Jabalini walishajua. Nyani alimpokea njiani akirukaruka.

"Amechukua njuga! Kiboko hachezi mwaka huu! Mashavu oyee!"

"Oyee!" mji uliitika. Wale wale walioinamisha vichwa mkutanoni sasa walitaka kumbeba mabegani.

Mwenyekiti Faru alikuwa amekaa nje kwake, mpira uko kati ya miguu yake, anaupaka mafuta. Alipozisikia njuga, masikio yalimsimama.

"Lete hizo," alisema.

"Nikupe kama nani, mwenyekiti?"

"Kama... kama jirani mwema."

"Zimechukuliwa na mimi, na mimi ni mtu wa wapi?"

Hapo Faru alizitazama njuga, akamtazama mtoto. Njuga alizitaka, tena sana. Bila njuga Kiboko ni gogo tu. Lakini akisema huyu ni wetu, basi Perere anabaki, na Perere akibaki, nani tena alifunga lile bao? Nyani alimnong'oneza, "Sema wetu, mwenyekiti, sema tu." Faru akamsukuma.

"Neno langu haligeuki," alisema. "Wewe ni mtu wa Kitopeni. Njuga weka hapo, kisha mvuke na baba yako."

"Wa Kitopeni kabisa?"

"Mpaka kwenye mifupa!"

"Nyani, umesikia? Jamani, mmesikia?"

"Tumesikia," walisema watu, wengine kwa shingo upande.

"Basi hujambo, mtani!" alisema Mashavu, akapita chini ya tumbo la Faru na kuupiga mpira kwa kisigino.

Du! du! du! Mpira ukaporomoka mlimani, ukagonga jiwe hili, ukaruka lile. Njwi! njwi! njwi! Mashavu nyuma yake. Faru alipiga kwato chini, pembe ikatetemeka, vumbi likapanda.

"Mwi... mwi..."

"Cheka, mwenyekiti!" alipiga kelele Nyani. "Utawalisha viboko wewe! Na nguruwe! Na vyura wote!"

Faru alilimeza hilo neno.

"Ho," alisema. "Ho. Ho." Kicheko hicho, watoto, mkisikia mngedhani anang'olewa jino.

Siku ya mechi ikafika. Kitopeni walikuja na mashada ya matete, Jabalini walikuja na vigelegele. Hakuna aliyekuwa na mpira, hakuna aliyekuwa na njuga, lakini hakuna aliyethubutu kubaki nyumbani. Walipofika uwanjani, wote wakasimama.

Katikati kabisa ya uwanja moshi ulikuwa unafuka.

Bi Pimbi alikuwa amepanga mafiga, sufuria ya maharage iko motoni inasema bwata-bwata-bwata. Mkeka umetandikwa. Perere amekaa mkekani, na safari hii hakuinamisha kichwa. Mashavu amekalia mpira, njuga kiunoni, anamenya kitunguu. Na pande zote kuwazunguka, Bi Pimbi alikuwa amemwaga majivu, duara jeupe, limefunga vizuri kama ukuta.

"Nini hii?" walisema Faru na Kiboko kwa pamoja, kila mmoja upande wake.

"Nyumbani kwetu," alisema Mashavu. "Juu tumeambiwa si kwetu. Chini tumeambiwa si kwetu. Hapa katikati hakuna aliyetuambia kitu, basi tumehamia. Karibuni, watani. Ila majivu ndiyo mlango, mtu asivuke bila hodi."

"Faru!" alifoka Kiboko. "Ondoa mtoto wako uwanjani!"

"Mtoto wangu? Huyo si wako? Baba yake ni nani?"

"Kama ni wangu, mbona ana njuga zangu?"

"Na kama ni wangu, mbona kakalia mpira wangu?"

"Uamuzi ni wenu," alisema Mashavu, akitia kitunguu sufuriani, chwaaa! "Sisi hatuna haraka. Maharage yenyewe ni ya zamani, yanachelewa kuiva."

Jua likapanda. Watu wakaanza kunung'unika. Wengine walikuja na watoto migongoni, wengine walikuja na mahindi ya kuchoma, nao hawakuja kutazama maharage. "Mpira! Mpira! Mpira!" walianza kupiga makofi. Faru alizunguka duara mara hii mara ile, pua inatoa upepo. Harufu ya maharage ilimwingia, makofi yakamwingia, na lile bao la mwaka jana nalo likamwingia. Akapasuka.

"Mwizi!" alinguruma mpaka ndege wakaruka. "Mwizi mkubwa wewe! Nipe mpira wangu!"

Vichwa vyote vikageuka.

Mashavu aliinuka taratibu. Akapangusa mikono, akapiga goti, akaitika kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Naam, mjomba!"

"Nani mjomba wako?"

"Wewe. Umeniita mwizi. Mtani hawi mwizi, mwizi ni mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo nimeitika. Au nimekosea? Kama mimi ni mtani wako, mjomba, basi umenuna mbele ya miji miwili." Akaigeukia Kitopeni. "Jamani watu wa Kitopeni, mna njaa?"

"Tunaaa!" walijibu viboko, na nguruwe, na ngiri, na vyura wasio na idadi. Bi Kiboko tayari alikuwa anauliza Jabalini wana sufuria za ukubwa gani.

Faru aliangalia ule umati. Aliangalia matumbo yale, moja baada ya jingine. Jasho likamtoka kwenye pembe.

"Sema, mwenyekiti," alisema Nyani, na safari hii hakunong'ona. Nyuma yake watu wa Jabalini walianza kusogea, mmoja mmoja, na walimtazama Faru machoni. "Sema yeye ni nani. Sisi tumechoka kuinamisha vichwa."

"Ni..." alisema Faru. "Ni... mtoto wetu. Mtundu tu. Watoto ni watundu."

"Sijasikia, mjomba."

"Mtoto wetu! Wa Jabalini!"

"Na mtoto hajileti mwenyewe duniani. Baba yangu je?"

Hapo ndipo Faru alipoishiwa njia. Alimtazama Perere, na Perere akamtazama yeye, macho kwa macho.

"Mkwe wetu," alisema Faru hatimaye. "Arudi nyumbani kwake."

"Na siri zilizotoka mwaka jana?" aliuliza Mashavu.

"Hakuna siri iliyotoka," alisema Faru, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Mashavu. "Nilijifunga mwenyewe."

Lelele! Vigelegele hivyo, watoto, vilivuka vijiji saba! Bi Pimbi alimshika mwanawe, akamchapa kijiti kimoja cha mguuni, chwa, kwa sababu sheria ni sheria. Kilikuwa kijiti cha mapenzi, hata nzi asingekufa. Mashavu akausukuma mpira ukavuka majivu, ukasimama mbele ya Faru.

"Vizuri!" alisema Kiboko, akisugua tumbo. "Sasa mtani, njuga zangu."

Mashavu akazitikisa, njwi!

"Zako zipi, mtani? Si umesikia mimi ni wa Jabalini? Hata ukucha wangu si wa Kitopeni. Mkono wa mtani haushikwi. Nitarudisha nikipenda, labda masika, labda nikizeeka."

Kiboko alipiga mguu chini. Aliutazama mguu wake mtupu, usiolia. Aliwatazama Jabalini wanavyojinyoosha, wanavyochekelea. Kisha alifanya jambo ambalo Kitopeni hawakuwahi kuliona. Alisogea mpaka kwenye majivu, akashusha lile lichwa lake.

"Hodi," alisema.

"Nani mwenzangu?"

"Baba yako mkubwa."

"Wa wapi?"

"Wa Kitopeni. Babako ni mdogo wangu, nilimfuta kwa hasira, na hasira si kalamu. Mama yako ni mke wetu. Na wewe ni binti yetu. Leta njuga, mwanangu."

"Naam, baba mkubwa!" alisema Mashavu, akapiga goti la pili, akazivua.

"Hapana, hapana!" Faru alirudi mbio. "Ni wetu huyu! Mmechelewa! Kitovu chake kiko kwetu!"

"Damu yake iko kwetu!"

"Alijifunzia mpira kwetu!"

"Miguu hiyo ni ya mitini, mzee, ni yetu!"

Wakaanza kumgombania kwa maneno, yule huku, yule kule, na jezi mbili zikaletwa, moja kila upande. Mashavu akaketi tena mkekani.

"Mlikuwa mnanisukuma, sasa mnanivuta," alisema. "Mimi sisukumwi wala sivutwi. Leo nitacheza kwa mjomba kipindi cha kwanza, na kwa baba mkubwa kipindi cha pili, na atakayenuna mnajua atafanya nini."

"Basi ondoeni sufuria tucheze!" alisema Faru.

"Maharage hayajaiva," alisema Bi Pimbi, akakoroga.

Na wakangoja! Miji miwili mizima, wenye pembe na wenye meno, walikaa nje ya duara la majivu wakimngojea Bi Pimbi aonje chumvi. Familia ile ilikula ikashiba, ikafuta midomo, ndipo mkeka ukakunjwa. Mafiga yakatolewa, lakini majivu hakuna aliyethubutu kuyafagia. Mashavu akauweka mpira katikati yake, akaupiga. Siku hiyo alifunga bao huku na bao kule, na hakumwomba radhi mtu yeyote.

Ndiyo maana mkienda uwanjani leo mtakuta duara jeupe katikati, na mechi haianzi mpaka mpira uwekwe humo. Wachezaji wengi hawajui kwamba wanakanyaga jiko la Bi Pimbi.

Nanyi mnaopenda kufukuza wenzenu kwenye mchezo, sikieni: ukimwambia mtu si wako, usimdai adabu ya ndugu.